Nguzo Zilizohesabiwa

Mama yake Risper akipita sokoni Rangwe na karai lake la viazi vitamu, watu humwita min injinia, yaani mama wa injinia, na ukimwita kwa jina lingine anajifanya kiziwi. Jina hilo alilipata binti yake akiwa bado mwaka wa kwanza chuoni. Uhandisi wa migodi! Hapo ndipo majirani walipokuwa wakikuna vichwa. Ati msichana asome miaka yote hiyo aje achimbe mashimo, na kaka yake Bravin anachimba mashimo bila hata cheti cha kidato cha nne?

Lakini ni hayo mashimo ya Bravin yaliyomsomesha, na mtu asikudanganye vinginevyo. Baba yao alipofariki, Bravin aliweka vitabu chini, akaenda upande wa Migori kwenye machimbo ya dhahabu ya Got Rakwar, akajifunga tochi kichwani. Karo ya Risper ilitoka chini ya ardhi, gunia kwa gunia. Kila chuo kilipofungwa alipitia kwanza machimboni kumsalimia kaka yake kabla ya kufika nyumbani, na wachimbaji wenzake Bravin wakamfanya wao. Mwenyekiti wao alikuwa Werema, Mkuria mwenye sauti nzito na mzaha usioisha. "Dada," alikuwa akimwambia, "siku ukihitimu utuletee mashine inayochimba sisi tukiwa tumelala."

Likizo moja aliteremka nao kwa ngazi ya miti mpaka chini. Walikuwa wamefuata mkanda wa mawe yenye dhahabu mpaka pakatokea ukumbi mzima huko ndani, na katikati ya ukumbi walibakiza vipande vya mwamba ambavyo hawakuweza kuvibandulia macho, maana vilikuwa vimejaa mali. Risper akaweka kiganja kwenye kimoja. "Hiki acheni," akasema. "Na hiki. Na kile pale. Hizi ni nguzo. Ndizo zinazobeba kilima chote. Mkizikata, kilima kitawameza, na hakitawaambia kwaheri."

Walicheka, lakini waliziacha. Mwaka uliingia, mwaka ukatoka, njaa ilikuja ikaenda, na nguzo zile nene zikabaki zimesimama na dhahabu yake ndani, kwa sababu msichana wa chuo alisema. Hebu pima imani hiyo mwenyewe. Watu wazima, wenye watoto na madeni, walipita kando ya chakula kila siku bila kukigusa.

Kuhitimu alihitimu, mbuzi akachinjwa, picha zikapigwa. Kazi ndiyo ikakataa. Kampuni zilitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu hakuna aliyekuwa tayari kumpa. Serikali ilimwambia asubiri tangazo. Meneja mmoja wa mgodi wa wageni alimwambia kavukavu kwamba mwanamke chini ya shimo analeta shida. Basi akaenda kufundisha hesabu katika shule moja ya binafsi kule Rongo, ambako mshahara ulikuwa ukija ukijisikia. Alichoka, jamani. Alichoka hasa kuitwa injinia na muuza duka anayemkatia kipande cha sabuni kwa sababu hana pesa ya mche mzima.

Kampuni moja ya mikopo mjini Homa Bay ilipotangaza kwamba inatafuta mtu anayejua hesabu, aliomba. Hawakujali amesomea nini. Meneja wa mikopo, Maxwell, alikuwa mtu mpole, shati limenyooka, asiyepandisha sauti hata simu ikimkera. "Nyinyi mainjinia mnaifaa sana kazi hii," alimwambia siku ya kwanza. "Kupima mnajua. Kilichobaki ni kuwafundisha muache kuogopa."

Na alimfundisha. Usimchukulie Maxwell kuwa mtu mbaya, hakuwa. Alimlipia hata mitihani ya fedha, akamwazima vitabu vyake mwenyewe. Risper akajifunza upesi kwamba chuoni hatari ilikuwa kitu cha kuondoa, na ikikushinda unafunga mgodi, watu wanaenda nyumbani. Ofisini hatari ilikuwa kitu cha kupangiwa bei. Mteja ana hatari? Muongezee riba. Ana hatari zaidi? Chukua dhamana kubwa zaidi. Mwanzoni jambo hilo lilimkera, kisha likazoeleka, kisha, tusifichane, likamfurahisha. Alivaa vizuri. Alimjengea mama yake nyumba ya mabati. Hakuna aliyemkatia sabuni tena.

Bravin ndiye hakubadilika. "Toka kwenye hilo shimo, omera," Risper alimsihi, akimwita kaka kwa Kiluo kama walivyozoea tangu utotoni. "Nitakutafutia kazi huku."

"Kazi gani? Nivae tai nikutengenezee chai?" Bravin akacheka mpaka akakohoa. "Mimi mtu wa mawe, Ris. Wewe ndiye umehama."

Kisha kikundi cha Got Rakwar kikaomba mkopo. Walitaka mashine yao wenyewe ya kusaga mawe, wasiendelee kunyonywa na wenye mashine. Risper akamwambia Maxwell ukweli, kwamba kaka yake ni mwanachama, kazi hiyo apewe mtu mwingine. Maxwell akatabasamu. Nani mwingine ofisini anaweza kuteremka shimoni akapima mawe yaliyobaki? Aende. Ripoti iseme thamani ya mwamba, basi.

Ripoti ya kwanza aliiandika vizuri. Aligawa mwamba sehemu mbili: unaoweza kuchimbwa, na ule wa nguzo, ambao hauguswi. Maxwell aliisoma akaguna. Mwamba wa kuchimbwa peke yake haukutosha kuwa dhamana. "Risper, tutulie tufikirie. Dhahabu iliyo kwenye nguzo ni dhahabu au si dhahabu?"

"Ni dhahabu. Lakini haitoki."

"Nyumba nayo ukiweka dhamana huitoi mahali ilipo. Thamani ni thamani. Ukiiacha nje, wanakosa mashine." Akamrudishia ripoti. "Ni kaka yako, lakini. Amua wewe."

Ee, aliamua. Na hapo ndipo ninapotaka umtazame vizuri, maana hakuna aliyemshika mkono. Alijiambia ni hesabu tu, ya karatasi tu, na nani mwenye akili timamu atakata nguzo? Alirudi Got Rakwar na tepu yake na kopo la rangi nyekundu, akateremka, akapima kila nguzo upana na urefu, akaandika namba nyekundu juu ya kila moja ili picha zionekane safi.

Got Rakwar wana sheria yao ambayo haijaandikwa popote. Jiwe ambalo halijahesabiwa ni la shimo, hakuna anayelidai wala kuligusa. Jiwe likishahesabiwa mbele ya wanachama wote, limepata wenyewe, na wenyewe watagawana. Ndivyo walivyoishi miaka yote hiyo bila kutoana damu. Risper aliijua sheria hiyo fika. Alikuwa amekaa juu ya magunia hayohayo akiwa mwanafunzi, akila muhogo, akiangalia wakihesabiana. Lakini siku hiyo alikuwa na ripoti kichwani, na Werema alipomwomba awasomee alichopata, alisimama mbele ya wanachama wote akasoma hesabu nzima kwa sauti.

Bravin akauliza taratibu, "Hata nguzo?"

"Hata nguzo," Risper akasema.

Werema hakutania. Akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakafuata. Risper alidhani wanashangilia mkopo.

Mashine ilikuja, ikafungwa, ikanguruma, watu wakala. Miezi ya kwanza malipo yalifika bila kusukumwa. Kisha mvua zikazidi, maji yakajaa kwenye njia za mbali za mgodi, na Risper akajua kutoka dirishani kwake Homa Bay, akitazama ziwa limebadilika rangi, kwamba Got Rakwar watachelewa. Hawakuchelewa. Mwezi ule walilipa mapema. Maxwell akamsifu mbele ya watu kwenye kikao. Yeye akatoka nje kabla kikao hakijaisha.

Alimpigia Bravin simu. Kaka yake alikuwa mchangamfu kupita kiasi. "Tuko sawa kabisa! Tumepata mawe mazuri, ya karibu, hatuhitaji tena kwenda kule kwenye maji."

"Ya karibu wapi?"

"Si yale uliyotuhesabia."

Risper hakumwambia Maxwell anakokwenda. Asubuhi iliyofuata alikuwa Got Rakwar, viatu vya ofisini vimejaa matope mekundu, na kitu cha kwanza alichokiona kando ya mashine kilikuwa rundo la mawe yanayosubiri kusagwa. Yalikuwa na rangi. Hapa nusu ya namba, pale mkia wa namba, mwandiko wake mwenyewe umevunjwavunjwa. Aliinama akashika jiwe moja, akakaa nalo chini palepale matopeni.

Werema alikuwa juu akinoa patasi. Alimwamkia vizuri, akamwagizia chai. "Mbona umekaa hapo chini, dada? Utachafuka."

"Mwenyekiti, watoe watu. Sasa hivi. Mmekata ngapi?"

"Tulizozihitaji. Si uliyehesabu ni wewe?"

"Nilihesabu kwa ajili ya mkopo! Kilima kinashikiliwa na nini sasa? Nakuomba, mzee Werema. Mimi ni mhandisi, najua ninachosema, hapo ndani hapakaliki!"

Werema akaweka patasi chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Risper zaidi. Kule machimbo ya jirani, akamkumbusha, alikuja mtu wa mkopo na mtaalamu wake, wakasema shimo ni bovu, watu watoke. Watu wakatoka. Wakakaa nje mpaka tarehe ya malipo ikawapita, shimo likachukuliwa, na siku chache baadaye mashine ya tajiri fulani ilikuwa humo humo ndani ikichimba. "Na kwenye karatasi yetu imeandikwa kazi ikisimama nyinyi mnachukua shimo na mashine. Nani aliyetusomea hapo? Si wewe? Sasa niambie kwa ukweli wa Mungu. Leo umekuja kama injinia, au umekuja kama mtu wa mkopo?"

"Kama injinia!"

"Injinia wetu alituambia tusiguse nguzo," Werema akasema. "Huyo tulimwamini. Wewe ndiye uliyekuja baadaye ukazihesabu."

Alimpigia Maxwell, akamlilia kabisa, kampuni iandike barua hata ya mistari miwili kwamba malipo yasimame na shimo halitachukuliwa. Maxwell alisikitika kwa dhati. Aandike ombi, kamati itakaa wiki ijayo. Alipiga ofisi za serikali, simu ikaita mpaka ikachoka. Kisha akaenda mdomoni mwa shimo, akapiga magoti, akaita jina la kaka yake.

"Ris? Ni wewe?" Sauti ya Bravin ilipanda kutoka mbali. "Nakuja! Ngoja tumalize hapa kwanza!"

Na nyuma ya sauti hiyo alisikia nyingine. Changarawe. Kidogo tu, zikimwagika, zikanyamaza, zikamwagika tena. Chuoni waliwafundisha kwamba mwamba ukianza kunong'ona usibishane nao. Wanaume kule chini walikuwa wakiimba, hawakusikia. Risper akafikiria jambo moja tu, kwamba Bravin atoke, atoke, kwa njia yoyote atoke.

"Bravin!" akapiga kelele. "Mama amefariki!"

Wimbo ukakatika.

Hakuwa anaigiza. Alikuwa analia machozi ya kweli, na hakuna aliyemtilia shaka. Pale Got Rakwar mwenzao akifiwa hakuna anayebaki chini. Zana huwekwa, wote wanatoka, wanachanga, wanamsindikiza aliyefiwa mpaka kwao. Wakapanda ngazi mmoja mmoja, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na Bravin alipotokeza aliangukia matope akalia kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia, hata kwenye mazishi ya baba yao. Werema alivua kofia. Shimo lilikuwa tupu. Kwa muda ule mfupi, shimo lilikuwa tupu kabisa, na Risper akajikuta anamwomba Mungu akiangushe kilima sasa, sasa hivi, wakiwa wote nje.

Kilima hakikuanguka. Bravin akapangusa macho, akatoa simu, akapiga namba ya mama ili aongee na jirani yeyote atakayepokea. Risper aliirukia simu akachelewa.

"Hallo? Nyathina?" Ilikuwa sauti ya mama yao, imesikika kwa wote. "Mbona unalia, mwanangu?"

Mama alipoambiwa alisema kwa sauti nyembamba: "Umenililia nikiwa hai. Usishike kazi yoyote, wala usiingie ardhini, mpaka nikuone kwa macho yangu nikuwekee mkono, nikuondolee mkosi. Leo, Bravin. Leo hii."

Bravin alifunga simu. Hakumpiga dada yake, na afadhali angempiga. Alimtazama tu namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akachukua shati lake, akapanda bodaboda, akaondoka kuelekea Rangwe.

Risper akawageukia waliobaki. Alikiri kwamba amedanganya. Akawaambia kwa nini. Alisema habari za changarawe, alisema nguzo, alisema kosa ni lake yeye, wamtukane, wampige, ila wasiteremke. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kijana wa watu mmoja akatema mate kando. "Mtu anayeweza kumuua mamake ili afunge shimo," akasema, "atashindwa na uongo gani?"

"Nenda nyumbani, dada," Werema akamwambia, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Umetupotezea siku." Akajifunga tochi, akatangulia yeye. Wengine wakamfuata wakinung'unika.

Yeye alibaki pale, hakwenda popote. Jua lilikuwa bado juu, mbuzi wanakula pembeni, mama muuza chai anasuuza vikombe. Mlio ulipokuja haukuwa mkubwa. Ardhi ilishuka chini ya miguu yake kidogo, mara moja, halafu mdomo wa shimo ukatoa pumzi ndefu ya vumbi, na mashine ya kusaga ikaendelea kunguruma peke yake mpaka mtu alipokumbuka kuizima.

Bravin alipata habari akiwa Rongo, akageuza. Hakumfikia mama siku hiyo. Alichimba kwa mikono, akachimba kwa jembe, akachimba na watu wa vijiji vyote vya jirani, na kila Risper aliposogea na ndoo yake alihamia upande mwingine wa kifusi. Watu walikwisha kuambiana habari ya uongo wake. Wengine walisema kifo kiliitwa kwa mdomo kikaitika, kikakosa njia tu. Nguzo hakuna aliyezitaja. Waliojua habari ya nguzo walikuwa chini ya kifusi, pamoja na mmoja aliyekuwa juu akichimba bila kufungua mdomo, na mwingine aliyekuwa akibeba ndoo.

Siku ya pili alifika Mellen, mke wa Werema. Alikuwa ametokea mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi, ambako alikuwa akiuza ugali na nyama, na habari ilimkuta huko akiwa na mwiko mkononi. Hakulia. Aliuliza Risper ni yupi, akaonyeshwa, akaja akasimama mbele yake. Risper akaweka ndoo chini.

"Wewe ndiye dada yake Bravin?"

"Ni mimi, mama."

"Nasikia ulimuua mama yako kwa mdomo, ndiyo kaka yako akatoka."

"Ndiyo."

"Na mama yako ni mzima."

"Ni mzima."

Mellen akatazama kifusi, akatazama wanaume wanaochimba, akamtazama Bravin aliyekuwa ameacha kuchimba na amewapa mgongo.

"Mimi pia ni mzima," akasema. "Nina mume, na alikuwa amesimama hapa nje, karibu nawe hivi. Ulishindwa nini kuniua na mimi?"